Pai ya Beri za Msimu Jikoni Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa majirani, jamaa na watu ambao tumeoka pamoja mwaka baada ya mwaka. Mengi yanarudi kwenye jambo moja, maji: maji yaliyo ndani ya beri, maji unayotia kwenye donge, na maji yanayotiririka kwenye sahani unapokata pai mapema. Kama una haraka, soma kwanza swali la "Kwa nini pai yangu imejaa maji?" halafu urudi hapa juu.

## Beri zenyewe

Ni beri gani zinapatikana Nairobi, na wakati gani?

Stroberi ndizo rahisi kupata. Zinalimwa Limuru, Kiambu na sehemu nyingine za nyanda za juu, na huonekana sokoni karibu mwaka mzima. Lakini kuonekana si kuwa tamu. Stroberi ya Januari au Februari, jua likiwa kali, ina ladha ambayo ile ya Aprili haina. Mvua ya masika huijaza maji, hupunguza utamu wake, na huifanya ioze upesi.

Forosadi hazipatikani kwa urahisi madukani. Zinatoka kwa mtu mwenye mti uani. Gusberi, yale matunda madogo ya manjano yaliyofunikwa na ganda kavu kama karatasi, utayapata kwa kina mama sokoni, wakati mwingine yakiwa yamepimwa kwa kikopo. Bluberi zinalimwa upande wa Nanyuki na Timau na huuzwa kwenye supamaketi katika vipakiti vidogo. Pai nzima ya bluberi ni ghali, kwa hiyo mimi huzichanganya na stroberi au forosadi.

Plamu si beri, lakini zikianza kupangwa kando ya barabara ya Limuru mwishoni mwa mwaka, mimi huacha kila kitu kingine nioke plamu. Maelezo yote ya hapa yanafaa kwa plamu, ila zikate vipande na uziongezee sukari kidogo.

Ninunue wapi, na nitajuaje kama ni nzuri?

Soko la City Park kule Parklands lina matunda mazuri, na wauzaji wake wanajua wanachouza. Ukitaka bei nafuu na uko tayari kuamka mapema, nenda Marikiti au Wangige. Kuna pia vijana wanaouza vipakiti vya stroberi kati ya magari, na wengi wao huuza mali safi.

Popote ununuapo, geuza kipakiti uangalie chini. Safu ya juu hupangwa ikapangika, nyekundu tupu, macho yote mbele. Siri iko chini. Ukiona maji mekundu yamekusanyika pembeni, kuna beri iliyopondeka na inaozesha jirani zake. Kisha nusa. Stroberi iliyoiva unaisikia harufu kabla hujafungua kifuniko, na isiyonukia haitapata harufu ndani ya oveni.

Kwa pai moja ya sentimita 23 unahitaji gramu 750 hadi 800 za matunda yaliyokwisha kusafishwa. Vipakiti vitatu vya gramu 250 vinatosha kwa shida. Nunua vinne, maana utakula chache ukiwa unakata, na nyingine utazitupa.

Stroberi zangu zina weupe karibu na kikonyo. Zikikaa zitaiva?

Hapana. Stroberi haiendelei kuiva ikishachumwa. Inaweza kuongeza wekundu kidogo, lakini sukari haiongezeki. Plamu ni tofauti, hizo ukiziacha juu ya meza siku mbili tatu zitalainika na kunukia. Stroberi zenye weupe kata ule weupe, zilizobaki zipikwe. Usizitumie kwenye pai ya stroberi zisizookwa (tazama sehemu ya matunda ya ndani), kwa sababu pale hakuna kitu cha kuzificha.

Nizioshe vipi?

Ziache bila kuosha mpaka dakika unapozitaka. Zioshe kwa maji baridi yanayotiririka, vikonyo vikiwa bado vimeshika, kisha zitandaze juu ya kitambaa safi zikauke. Ukitoa vikonyo kwanza, maji yanaingia kwa lile tundu, na kila tone utalikuta baadaye chini ya pai. Usiziloweke kwenye beseni. Forosadi ni laini mno kwa mfereji ulio wazi sana, kwa hiyo ziweke kwenye chujio uzimwagie maji taratibu.

Kuna mforosadi uani kwetu. Matunda yake yanafaa?

Yanafaa kupita yote, na ninasikitika kila ninapoona yameachwa yaanguke na kukanyagwa. Subiri yawe meusi kabisa. Tandaza shuka kuukuu chini ya mti na utikise matawi: lililoiva huanguka lenyewe, lisiloiva hung'ang'ania. Chuma asubuhi, oka siku hiyo hiyo, kwa sababu forosadi haingoji kesho.

Kila tunda lina kikonyo cha kijani. Kikate kwa mkasi mdogo ukiwa na subira. Ukiwa huna, kiache tu, kitalainika na hakina madhara.

Forosadi ni tamu lakini haina ukali wa kutosha, kwa hiyo ongeza maji ya ndimu mbili mahali ambapo stroberi ingetaka moja. Na madoa: usikimbilie sabuni ya kipande kwanza. Rangi ya forosadi ikikutana na sabuni hugeuka samawati na doa huonekana baya zaidi. Anza na ndimu, suuza, ndipo utie sabuni.

Je, naweza kutumia matunda ya mnavu, au yale madogo meusi ambayo watoto huchuma kwenye ua wa lantana?

Tafadhali usitumie. Matunda ya mnavu, ile mboga tunayoita managu, yana sumu yakiwa mabichi ya kijani, na ukichuma bakuli zima ni vigumu kuhakikisha hakuna moja bichi lililopenya. Lantana ni vivyo hivyo. Mtoto anayeokota mawili matatu meusi njiani ni jambo moja, kupikia watu pai nzima ni jambo lingine.

## Ganda

Vipimo vya ganda ni vipi?

Kwa pai yenye ganda la chini na la juu: unga wa ngano gramu 320 (kama vikombe viwili na nusu), siagi baridi gramu 225, chumvi kijiko kimoja cha chai, sukari kijiko kimoja cha mezani, na maji ya barafu mililita 90 hadi 120. Pakiti ya siagi ya gramu 250 inatosha, na kile kipande kinachobaki unapakia sahani.

Kata siagi vipande vya ukubwa wa harage. Ivuruge kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka uone vipande vingine kama njegere na vingine kama mchanga. Nyunyizia maji kidogo kidogo, ukikusanya kwa uma. Donge likishikana ukilifinya, acha kutia maji. Ligawe mara mbili, lipapase liwe bapa, lifunike, na liingie friji kwa saa moja.

Ninajua kupika chapati vizuri sana. Mbona ganda langu la pai linakuwa gumu?

Kwa sababu unajua kupika chapati vizuri sana. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake linahitaji nafasi.

Mkono wa chapati umefundishwa kukanda. Tunatia maji ya uvuguvugu, tunakanda mpaka donge liwe laini kama sikio la mtoto, tunalipumzisha, tunalisukuma, tunalipaka mafuta, tunalikunja. Kukanda kule hufanya unga ushikane na kuvutika, na kwenye chapati ndicho tunachokitaka, iweze kukunjwa bila kupasuka.

Pai inataka kinyume chake. Ganda livunjike ukiliuma. Kwa hiyo maji yawe ya barafu, yawe machache, na mikono iguse donge kwa muda mfupi uwezekanavyo. Donge la pai linapokuwa tayari halipendezi machoni. Lina nyufa pembeni, lina madoa ya siagi yanayoonekana wazi, na mtu wa chapati akilitazama atadhani halijaisha. Yale madoa yaache. Ndani ya oveni siagi ile huyeyuka, maji yaliyomo hugeuka mvuke, na mvuke huo huinua unga na kuacha tabaka tabaka.

Mwanafunzi wangu mmoja, mama mwenye chapati ambazo mtaa mzima unazijua, alikuwa kila mara anarudi kulikanda donge nilipogeuka. Mwishowe nilimpa uma nikamwambia asiliguse kwa mkono hata mara moja hadi liingie friji. Pai ile ilitoka na ganda linalopukutika. Tangu siku hiyo huwa nampa kila anayeanza uma. Kile kifimbo cha chapati, hicho kinafaa kabisa kusukumia pai. Endelea nacho.

Siagi, Blue Band au Kimbo?

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Nyumbani kwetu wengi tukisema "siagi" tunamaanisha Blue Band, ambayo ni majarini. Hapa ninaposema siagi ninamaanisha ile ya maziwa.

Siagi ya maziwa inatoa ladha ambayo haina mfano. Kimbo haina ladha, lakini haiyeyuki haraka mkononi, na ganda lake hupukutika vizuri sana. Mimi huchanganya, siagi gramu 150 na Kimbo gramu 75. Majarini laini ya kupaka mkate ndiyo inayosumbua, kwa sababu hulainika kabla hujamaliza kuivuruga. Ukiwa na hiyo tu, iweke friza nusu saa kwanza, na upunguze maji ya donge.

Nitumie unga gani?

Unga mweupe wa kawaida wa ngano. Ule ulioandikwa kuwa ni wa chapati utafanya kazi ukiwa mwepesi wa mkono. Usitumie uliokwisha kuchanganywa na beking pauda: ganda litavimba kama mandazi, na rangi ya beri inaweza kuharibika (tazama swali la rangi, karibu na mwisho).

Donge linayeyuka ninapolisukuma. Nifanye nini?

Lirudishe friji dakika kumi na tano na usilipigie kelele. Mwezi wa Julai hutaliona tatizo hili, jikoni Nairobi ni baridi kama sokoni alfajiri. Februari mchana ni habari nyingine. Miezi ya joto mimi hufanya donge usiku, nalisukuma asubuhi kabla ya saa tatu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 nimezoea kulihifadhi kati ya sahani mbili zilizofunikana, na halikauki.

## Matunda ya ndani

Kwa nini pai yangu imejaa maji?

Stroberi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Ukiziweka kwenye ganda na sukari, sukari huyavuta maji yale nje, na joto humalizia kazi. Gramu 800 za stroberi zinaweza kukupa kikombe kizima cha maji. Yasipozuiliwa, yatakaa chini, yatalowesha ganda, na utakuwa na supu nyekundu yenye vipande vya unga.

Njia ninayoiamini ni hii. Kata stroberi mara mbili au nne. Changanya na sukari gramu 150, chumvi kidogo sana na maji ya ndimu moja. Ziache kwenye bakuli nusu saa. Ukirudi utakuta zinaelea. Zichuje, na maji yale mekundu uyachemshe kwenye sufuria ndogo mpaka yabaki nusu na yaanze kushika kwenye mwiko. Yapoe. Halafu changanya matunda, maji yaliyopungua na wanga.

Hapo umetoa maji kabla hayajapata nafasi ya kukudhuru, na hujatupa ladha hata chembe, kwa maana yote imebaki katika ule mchuzi mzito. Watu huona kazi hii ya dakika arobaini ni ndefu. Mimi niliwahi kuiruka nikiwa na wageni mlangoni, nikakata pai ikiwa ya moto, na maji yakapita sahani yakaingia kwenye kitambaa cha meza cha mama yangu. Sijawahi kuiruka tena.

Bluberi na gusberi hazihitaji kuchujwa, ngozi zao hushikilia maji. Forosadi iko katikati, robo saa kwenye sukari inatosha.

Ni wanga upi, na kiasi gani?

Wanga wa mahindi, ule mweupe unaoteleza kama poda na unaouzwa kwenye kiboksi kidogo. Si unga wa ugali. Kwa gramu 800 za stroberi zilizochujwa, vijiko vinne vya mezani. Usipochuja, vitano, na bado sikuahidi. Gusberi na plamu vijiko vitatu, kwa kuwa zina ushikaji wa asili kama ule wa jemu.

Wanga wa muhogo unafaa vilevile, na mchuzi wake unang'aa zaidi. Unga wa ngano pia huzuia maji, lakini huufanya mchuzi uwe na ukungu na ladha ya unga. Sipendi.

Sukari kiasi gani? Naweza kutumia ile ya kahawia?

Onja beri moja kisha uamue. Gramu 150 ni wastani wa stroberi tamu. Za msimu wa mvua zitataka 180, forosadi 120 zinatosha. Sukari ya kahawia ni sawa kabisa, ina ladha kidogo ya miwa inayoendana na plamu. Usipunguze chini ya gramu 100 ukitumaini pai itashikana vilevile, maana sukari nayo inasaidia mchuzi kuwa mzito.

Naweza kufanya pai ambayo stroberi zake hazijaokwa?

Ndiyo, na kwa stroberi za Januari ndiyo ninayoipendekeza. Stroberi ikiokwa hupoteza umbo na rangi yake hufifia. Isipookwa hubaki vile ilivyotoka shambani.

Unahitaji ganda la chini tu, nusu ya vipimo. Lisukume, lilaze kwenye sahani, lichome kwa uma, liweke friza dakika ishirini. Tandika foili juu yake, jaza maharagwe makavu yalizuie lisivimbe, na uoke kwa nyuzi 190 dakika ishirini na tano. Toa foili na maharagwe, rudisha oveni mpaka liwe kahawia ya dhahabu. Hayo maharagwe yahifadhi kwa pai zijazo, hayapikiki tena.

Ganda likipoa, chukua robo ya stroberi zako, ziponde, zipike na sukari gramu 120, wanga vijiko vitatu uliokorogwa na maji kidogo, na ndimu. Koroga mpaka uji ule uwe mzito na weupe wa wanga utoweke. Ukipoa uwe vuguvugu, changanya na stroberi zilizobaki, mimina kwenye ganda, weka friji saa nne. Siku hiyo hiyo iliwe.

Usiache uji ule ulale kwenye sufuria ya alumini. Ukali wa matunda hula alumini na mchuzi huchukua ladha ya chuma. Uhamishe kwenye bakuli la glasi au enameli.

Nisuke ganda la juu au nilifunike lote?

Kwa beri zenye maji, suka kama mkeka: vipande vya upana wa vidole viwili, kimoja juu kimoja chini. Mvuke utatoka kati ya vipande. Ukilifunika lote, likate mipasuko mitano mirefu. Paka yai lililopigwa au maziwa, nyunyiza sukari.

## Kuoka

Nioke kwa joto gani, na muda gani?

Nyuzi 220 kwa dakika ishirini, kisha 190 kwa dakika 35 hadi 50. Saa yako haitakuambia imeiva. Sikiliza na utazame katikati, si pembeni. Mwanzoni utaona mapovu madogo mepesi yanayokimbia pembeni mwa sahani. Subiri mpaka mapovu yafike katikati na yabadilike yawe makubwa, mazito, ya polepole, yanayopasuka kwa mlio wa chini kama uji wa wimbi unaokaribia kuiva. Yakishaanza hivyo, ihesabie dakika tano zaidi. Wanga usipofika hapo haujashika, na pai itakuwa na maji hata ungefuata kila kitu kingine.

Ganda likiwa jeusi kabla ya mapovu, lifunike kwa foili na uendelee.

Oveni yangu ya gesi haina namba zinazoaminika. Nitajuaje joto?

Weka kijiko cha sukari nyeupe juu ya foili, ndani ya oveni iliyokwisha kupata moto, dakika kumi na tano. Sukari huyeyuka karibu na nyuzi 186. Ikiyeyuka, uko juu ya hapo. Ikibaki chembechembe, ongeza moto. Kipimajoto kidogo cha kutundika ndani ni bora zaidi.

Ganda la chini limebaki bichi. Kwa nini?

Mara nyingi sahani iliwekwa juu mno, au kwenye oveni isiyopata moto wa kutosha. Weka trei ya chuma kwenye ngazi ya chini kabisa wakati oveni inapata moto, dakika ishirini nzima, halafu tua pai juu ya trei hiyo. Trei itadaka pia mchuzi unaomwagika.

Sahani nayo ina neno lake. Zile sahani za enameli tulizokulia, nyeupe zenye ukingo wa samawati, ni nzuri mno kwa pai. Chuma chake chembamba hupitisha joto haraka. Ya glasi inakuonyesha rangi ya chini, lakini usiitoe friji na kuituma moja kwa moja kwenye oveni ya moto, itapasuka.

Kuna tofauti gani kuoka Nairobi, mji ulio juu hivi?

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hapa maji huchemka karibu nyuzi 94, si 100 kama Mombasa. Kwa keki jambo hili ni kubwa. Kwa pai ni dogo zaidi, kwa kuwa hakuna kinachotakiwa kuumuka. Utaona mambo mawili. Matunda huchukua muda zaidi kuiva na wanga kushika, ndiyo maana ninasisitiza zile dakika tano. Na unga wetu huwa mkavu, kwa hiyo vipimo vya vitabu vya Uingereza au Marekani vinaweza kuhitaji kijiko kimoja au viwili zaidi vya maji kwenye donge.

Sina oveni. Jiko la makaa litafanya kazi?

Litafanya. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu chini, weka mawe matatu madogo yaliyolingana, funika, acha ipate moto robo saa. Tua pai ndogo, ya sentimita 18 au 20, kwenye sahani ya chuma juu ya mawe. Funika kwa kifuniko bapa na upange makaa juu yake.

Kwa keki watu huweka moto mwingi juu na kidogo chini. Kwa pai mimi hulinganisha moto dakika ishirini za kwanza ili ganda la chini lishike, kisha napunguza chini. Usifunue kabla ya nusu saa. Na fanya kazi hii nje au penye hewa nyingi. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa yanaua.

Umeme umekatika katikati ya kuoka. Nifanye nini?

Usifungue mlango. Oveni iliyofungwa hushikilia joto kwa muda, na kama dakika ishirini za mwanzo zilishapita, ganda limeshika na halitaharibika. Umeme ukirudi, rudisha joto na uhesabu tena mpaka mapovu mazito. Ukichelewa zaidi ya nusu saa, ihamishie kwenye sufuria ya mchanga, juu ya gesi au makaa, kama ilivyoelezwa swali lililotangulia. Kama pai ilikuwa imeingia dakika chache tu, itoe, ipoe kidogo, iweke friji ingoje.

## Baada ya kuiva, na maswali ya pembeni

Ni lazima nisubiri kabla ya kukata?

Ndiyo, saa tatu, bora nne. Mchuzi wa wanga hushikana ukipoa, si ukiwa moto. Ninajua harufu inavyoita. Ukiitaka ya moto, iache ipoe kabisa kisha uipashe dakika kumi.

Inakaa siku ngapi?

Iliyookwa, siku mbili juu ya meza ikifunikwa, au nne kwenye friji. Yenye maziwa, krimu au kastadi, friji tangu mwanzo.

Naweza kugandisha beri za msimu?

Gandisha. Zioshe, zikaushe, zitandaze kwenye trei zisigusane, zikiwa ngumu zihamishe kwenye kontena. Zioke bila kuziyeyusha, kwa wanga kijiko kimoja zaidi na muda wa dakika kumi na tano zaidi.

Kwa nini matunda yangu yamegeuka samawati au kijivu?

Yamekutana na magadi au beking pauda. Rangi nyekundu ya beri huhitaji ukali ili ibaki nyekundu. Maji ya ndimu huilinda.

Mgeni wangu hali mayai wala maziwa. Naweza kumwokea?

Bila shida. Ganda la Kimbo tupu, gramu 210, halina kitu cha mnyama. Juu paka maji na sukari badala ya yai. Epuka jeli za pakiti, nyingi zina jelatini inayotokana na mifupa na ngozi. Wanga hauna tatizo hilo.

Nataka kupeleka pai ushago kwa matatu. Itafika?

Itafika ukioka jana yake. Ipoe usiku kucha, ilale friji mpaka asubuhi ili mchuzi uwe mgumu. Iweke ndani ya sufuria pana yenye kifuniko, uizungushie kitambaa isicheze, uifunge kwa leso. Isikae kwenye buti wala juu ya mizigo. Ipakate mapajani, na utakapofika ipe dakika kumi kwenye moto mdogo kabla ya kuikata.